Kabati na Saluni

Abdulhamidi aliuza vipuri vya baiskeli ili apate kula, na alipiga picha kwa sababu alikuwa mgonjwa wa picha. Hakuna neno jingine la kumfaa mtu mzima anayefunga duka saa ya wateja akakimbilie kupiga picha mawe, eti jua limeyapiga vizuri. Kamera yake ndogo ya dijitali aliiagiza Arusha. Kompyuta aliinunua ikiwa imeshatumika, akaiweka chumba cha nyuma ya duka, hapo mjini Singida, na mkewe Swaumu akawatangazia majirani kwamba ameletewa mke mwenza asiyepika wala kufua.

Ugomvi wenyewe ulianza na sidii mbili. Kila moja ilikuwa na programu ya picha, na diski ya ile kompyuta ilikuwa ndogo mno; ukiingiza moja, nyingine haina pa kukaa. Abdulhamidi akazijaribu kwa zamu. Ya kwanza ilikuwa ya kupanga. Ukiipa picha, inaiweka kwenye folda ya mwaka na mwezi wake, na ukitaka kuirekebisha inakupa nakala uichezee, ile ya asili haiguswi. Ilikuwa nzito, inajivuta, na haina mapambo yoyote. Ya pili ilikuwa ya kurembesha. Inang'arisha uso, inafuta makunyanzi na madoa, inafanya meno kuwa meupe kwa kubofya mara moja tu. Ikimaliza, inahifadhi juu ya picha ileile uliyoipa, na ya zamani ndiyo imekwenda.

Swaumu alizipa majina. Ya kwanza akaiita kabati, ya pili saluni.

"Chukua kabati, Baba Rahma," alimwambia. "Picha ni kitu cha kutunza. Huko saluni mtu anaingia na sura yake, anatoka na ya jirani."

"Wewe hujui picha," akajibu Abdulhamidi, jibu la mwanamume aliyekwisha kuamua siku nyingi. Akaitoa kabati, akaingiza saluni.

Kazi ya kwanza aliyoifanya huko saluni ilikuwa picha ya mama yake. Bi Johari alizaliwa Mgori, na maji ya kisima alichokulia yalimpa meno yale tunayoyajua, ya rangi ya chai iliyokolea. Huku kwetu meno hayo si habari, nusu ya mji tunayo. Lakini siku ya harusi yake, wakwe waliotoka pwani walimcheka mbele ya watu, na tangu siku hiyo Bi Johari hakucheka tena bila kuziba mdomo kwa upande wa khanga. Picha zake zote za miaka nenda rudi zina macho na khanga tu. Ila Idd ya mwaka 2005 uzee ulikuwa umeshaanza kumla kumbukumbu, na pamoja na mambo mengine akawa amesahau hata kuona aibu. Mjukuu wake Rahma akamnong'oneza neno, bibi akacheka mdomo wazi, na Abdulhamidi akabofya kamera.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Naye, badala ya kumshukuru Mungu na kuiacha, akaipeleka saluni moja kwa moja toka kwenye kamera. Akang'arisha meno, akanyoosha makunyanzi, akafuta na kovu la juu ya jicho la kushoto ambalo mama yake alilipata utotoni kwa kupasua kuni. Tumpe haki yake, alifanya kwa mapenzi. Aliona anamfutia mama yake ile aibu ya siku ya harusi.

Februari iliyofuata, asubuhi, alikuwa ameinamia kompyuta akiuwahi umeme kabla haujakatwa, maana mgao wa mwaka ule haukuwa na huruma. Bi Johari akapita nyuma yake, amevaa viatu vya kutokea.

"Naenda kwa baba," akasema.

"Haya, mama," akajibu Abdulhamidi bila kugeuka.

Baba yake Bi Johari alifariki kabla Abdulhamidi hajazaliwa. Neno lile lilimwingia akilini adhuhuri, alipoitwa kula na kukuta mkeka wa mama yake mtupu. Alitoka mbio hata kandambili moja akaiacha mlangoni.

Wakamtafuta sokoni, stendi, misikitini, kando ya ziwa. Polisi wakaandika. Kesho yake ndugu wengine wakaenda Mgori, wengine Ilongero, wakarudi na vumbi tu. Dawa zake za presha zilikuwa bado juu ya meza. Ulikuwa mwaka wa ukame, jua linachoma toka asubuhi, na mzee wa umri ule akikaa nje bila maji na bila dawa, kila mtu nyumbani alijua mwisho wake ingawa hakuna aliyeusema. Lile "haya, mama" lilikuwa linamrudia Abdulhamidi masikioni kila akinyamaza.

Ikatakiwa picha ya kutangazia. Swaumu akapekua sanduku la mkwewe akitafuta kadi ya kupigia kura, asiipate. Bi Johari alikuwa ameificha mahali asipopakumbuka mwenyewe. Picha iliyokuwa na uso mzima ilikuwa moja tu, ile ya Idd. Abdulhamidi akaichapa kwa wingi, juu kaandika AMEPOTEA, chini jina na namba ya simu. Philipo, dereva wa lori rafiki yake, aliyekuwa anakwenda Nzega alfajiri, akachukua bunda zima ili abandike kila kituo.

Siku iliyofuata, saa tatu na kitu asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Philipo.

"Hamidi, niko Shelui. Nimebandika matangazo. Kuna mama lishe hapa anaitwa Theresia, ana bibi amemhifadhi, alishushwa na lori. Moyo uliniruka, nikasema tumempata. Lakini siye."

"Umejuaje kama siye?"

"Si nimeishika picha kando ya uso wake? Tumeangalia watu wazima wote hapa. Wa kwako ana meno meupe kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Huyu bibi meno yake haya haya ya kwetu, ana kovu juu ya jicho, tena ni mzee kuliko wa kwako. Jina ukimwuliza hasemi, anasema tu anakwenda kwa baba yake. Kuna lori la mahindi linaondoka mchana kwenda Nzega, wanasema watampakia, maana ameng'ang'ania safari."

Abdulhamidi akapiga kelele. "Philipo! Ndiye huyo! Mzuieni!"

"Unasemaje? Sikusikii, ndugu yangu. Mimi nasonga."

Simu ikakatika. Akapiga tena, haipatikani. Akapiga tena na tena, kwa hasira, kana kwamba simu ndiyo yenye makosa. Namba ya Theresia hakuwa nayo. Na kule Shelui tangazo lake mwenyewe lilikuwa limebandikwa, linamwambia kila mpita njia kwamba yule bibi siye.

Swaumu alimkuta ameshika karatasi moja iliyobaki, anaitazama. Akamweleza. Alieleza vibaya, kwa vipande vipande, lakini mke akaelewa.

"Ulimfanya nini mama?"

"Nilimsafisha tu."

Swaumu akamnyang'anya ile karatasi. "Pikapu ya Chediel ipo hapo jirani, utaondoka nayo sasa hivi," alisema. "Lakini ukifika ukakuta lori limeshakwenda, watu wa Nzega utawaonyesha nini? Meno haya? Itafute kwanza sura yake."

"Haipo. Niliihifadhi juu yake."

"Na kwenye kabati? Picha za Idd si uliziweka kule kwanza?"

"Kabati niliitoa."

"Ulitoa kabati. Na nguo zilizokuwamo ulizipeleka wapi?"

Abdulhamidi akamtazama mkewe, kisha akaiwasha kompyuta. Umeme ulikuwa unakatwa saa nne, na saa nne ilikuwa mlangoni. Mashine ikachukua muda wake wote kuamka, inanguruma, inawaza. Akafungua diski. Folda ya kabati ilikuwapo, haijaondoka na programu yake. Akaingia mwaka 2005, akaingia Novemba, mwezi wa Idd. Tupu. Akajaribu Oktoba, akajaribu Desemba. Akakuta picha za mawe, picha za kuku, picha ya baiskeli ya mteja.

"Hakuna!" Akapiga meza kwa ngumi.

"Tulia. Usiku wa kuandama mwezi," Swaumu akasema taratibu, ameshika kichwa, "redio ilikufa tukiwa tunasubiri kutangaziwa kama mwezi umeonekana. Ulitoa betri wapi?"

Akakumbuka. Alizitoa kwenye kamera. Na kamera ile, ukiitoa betri, ilikuwa inasahau tarehe na kurudi mwaka ilipotengenezwa, nayo kabati, kwa utiifu wake, ilipanga kila kitu kama kamera ilivyosema. Akafungua mwaka 2000, Januari.

Bi Johari alikuwa humo, anacheka, na meno yake, na kovu lake, na kila kunyanzi mahali pake. Swaumu akaangua kilio. Abdulhamidi hakupata nafasi ya kulia. Aliamuru printa ichape, akasimama juu yake anaisihi kama mtu anayesukuma gari. Karatasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ilifika kwenye paji la uso, umeme ukakatika.

Chediel aliiendesha ile pikapu kama mtu aliyeiiba. Barabara ilikuwa inajengwa, huku michepuko, huku makatapila, huku kijana mwenye kibendera chekundu anawasimamisha bila sababu ya kueleweka. Kila lori lililotokea mbele likielekea Nzega, Abdulhamidi alichungulia juu ya mzigo wake akitafuta khanga. Walipoanza kuteremka mlima wa Sekenke walikuta gari bovu limeziba njia, wakasubiri. Abdulhamidi akashuka, akatembea kwa mguu huku na huku, akapanda tena. Karatasi ilikuwa ndani ya shati, inalowa jasho, akaitoa ili isiharibike, akaishika mkononi njia nzima iliyobaki.

Shelui lori la mahindi lilikuwa bado lipo, injini inanguruma, utingo anafunga turubai. Kando yake palikuwa na kibanda cha chakula. Kwenye nguzo ya kibanda kulikuwa na tangazo la Philipo, AMEPOTEA, na yule mwanamke mwenye meno meupe na uso laini. Chini ya tangazo, kwenye benchi, ameshika kifurushi chake mapajani tayari kwa safari, alikaa Bi Johari.

"Shikamoo, mama," alisema Abdulhamidi.

Bi Johari alimtazama kwa upole. "Marahaba, baba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Abdulhamidi akanyoosha mkono amshike, na hapo mwanamke mnene mwenye mwiko akajitokeza katikati yao. Ndiye Theresia.

"Ngoja kwanza, kaka. Unamjua?"

"Ni mama yangu."

"Yeye mbona hakujui? Na namba iliyo kwenye tangazo ni ya nani?"

"Ni yangu mimi."

Theresia akageukia nguzo, akamgeukia Bi Johari, akarudi kwa Abdulhamidi na macho ya mtu anayekaribia kuibiwa. "Mama uliyetangaza ni huyo hapo juu. Sasa umemkosa, umeona heri umchukue huyu? Bibi wa watu simtoi kama gunia. Bora aende na lori kwa huyo baba yake anayemtaja."

Watu wakaanza kukusanyika. Utingo akapiga ubavu wa lori, akaita, "Bibi, twende!" na Bi Johari akainuka kwa utii, na kifurushi chake. Abdulhamidi akafungua ile karatasi, Theresia akaichukua. Akaitazama. Akaiweka kando ya uso wa bibi. Kovu kwa kovu, jino kwa jino.

"Huyu ndiye," akasema, na sauti yake ikashuka. "Sasa kwa nini hukuleta hii toka mwanzo?"

Utingo akaambiwa aende zake.

Bi Johari naye akaomba aone. Akaishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza, akaiweka mbali. "Mimi huyu," akasema. "Siku ya Idd. Rahma alinambia kuku kanyea viatu vya baba yake." Akacheka, mdomo wazi, mbele ya watu wote wa Shelui, hakukumbuka khanga. Mwanawe akacheka naye huku machozi yanamtoka, kisha akageuka kwenye nguzo, akaanza kulibandua lile tangazo kwa kucha.

Kofi dogo likampata kwenye mkono.

"Liache," Bi Johari alisema kwa ukali, kama alivyokuwa akimkanya utotoni. "Mwenzangu huyo bado hajaonekana."