Kaseti ya Serenade

Asubuhi za Luzira huanza na ziwa, wala si na jua. Ukungu hupanda taratibu kutoka Port Bell, ukapita mabehewa yanayongoja meli, ukapita ukuta mrefu wa gereza, na ukifika ghorofa ya pili ya duka la rangi husimama dirishani kuchungulia. Hapo ndipo ilipo Redio Utulivu, na hapo ndipo Laker huketi kila siku kuanzia saa kumi na mbili, hedifoni kichwani, macho nusu yamefumbwa, akiwapigia watu wa Kampala fidla na piano za Wazungu waliokufa zamani.

Msicheke. Wasikilizaji wapo. Wapo wauguzi wanaotoka zamu, wake wa askari wanaopiga pasi sare, na Wakongomani wauza vitenge waliokulia kwenye kwaya za kanisa. Hao wote wakikutana huzungumza Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake, na ndiyo maana redio nayo inazungumza Kiswahili.

Lakini katika hao wote, Laker alikuwa na msikilizaji mmoja tu. Baba yake, mzee Okwir, alikuwa akisikiliza chumbani mwao, mwendo wa dakika kumi kutoka stesheni, redio ndogo ikiwa juu ya meza karibu na bakuli la uji. Mzee huyo alipuliza tarumbeta katika bendi ya kambi ya askari miaka ishirini na sita. Mwezi wa pili kiharusi kilimwangusha. Mkono ukarudi, mguu ukarudi kwa kuchechemea, ila sauti haikurudi. Daktari alimwambia Laker kwamba ulimi ni mzima na maneno yapo, ila hayajapata njia ya kutokea.

Neno la mwisho alilomwambia binti yake, usiku ule kabla ya kuanguka, lilikuwa, "Funga dirisha, mvua inaingia." Sasa ilikuwa miezi minane. Laker aliogopa, na alichokiogopa alikijua vizuri: kwamba dirisha hilo ndilo litakuwa wosia wa baba yake.

Kila asubuhi jirani yao Kulusum, mjane wa askari polisi, alikuja kukaa na mzee mpaka kipindi kiishe. Saa tatu akituma ujumbe. Laker aliufungua papo hapo, na kila siku ulikuwa uleule: "Amekunywa uji." Basi. Mungu ambariki Kulusum, hakuwa mtu wa kupamba habari.

Mwenye redio alikuwa Mama Benedicte, mwanamke wa Bukavu, mfupi, mnyoofu wa mgongo, aliyeianzisha pamoja na marehemu mumewe Augustin. Sheria zake zilikuwa mbili, nazo zilibandikwa ukutani. Ya kwanza: kabla ya saa tatu ni klasiki tu. Ya pili: kimya hewani kisizidi sekunde tano, kwa kuwa kimya ni mlango wazi na wasikilizaji watatoka. Mara moja Laker aliwahi kumwomba robo saa ya jazz asubuhi. Mama Benedicte alimtazama kama mtu aliyeombwa kutia pilipili kwenye ekaristi. "Jazz njo muziki ya watu wenye hawajalala bado," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Asubuhi ni ya watu wenye wameamka." Mazungumzo yakaishia hapo.

Kila Alhamisi, saa moja, Laker alipiga kaseti za zamani. Nyingi zilitoka kwenye sanduku la baba yake. Alipostaafu, mzee alilibeba mwenyewe hadi stesheni, kaseti arobaini zilizopangwa kama askari gwaridani, kila moja na jina lake kwa herufi zake za mraba. Alisema tu, "Zitawafaa," akashuka ngazi.

Alhamisi ile mzee alikataa uji. Laker alimbembeleza na kijiko mpaka akachelewa, akafika stesheni anahema, na kwa mara ya kwanza hakuisikiliza kaseti kabla ya kuipeleka hewani. Hilo lilikuwa kosa, na alilijua. Alichukua ya kumi na mbili kwenye mstari. Imeandikwa: Serenade ya nyuzi, sehemu ya pili. Akaitangaza kwa sauti yake laini ya asubuhi, akabonyeza, akaegemea kiti, akafumba macho kungoja nyuzi.

Hazikuja nyuzi. Ilikuja brashi juu ya ngoma, ikifagia polepole, kama mtu anayefagia ua kabla wenyeji hawajaamka. Ikaja besi. Halafu, kutoka mbali, tarumbeta iliyozibwa mdomo ikaanza kusema jambo lake bila haraka.

Mkono wa Laker ulikwenda kwenye swichi ya kushusha sauti. Ulikaa pale. Haukushusha.

Ukungu ulikuwa umejaa dirishani, meli ikanguruma huko bandarini, na tarumbeta ikaupokea mngurumo huo kana kwamba walikuwa wamepatana. Laker alijiona ana miaka sita, kambini. Baba anavaa shati jeupe ambalo mama amelipiga pasi. Wenzake wa bendi wako mlangoni. "Leo jioni tuna serenade," baba anasema kwa uso mkavu, na wanaume wale wazima wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mtoto hakuelewa kichekesho. Aliona tu kwamba mama naye anacheka, amegeukia ukuta.

Sasa alielewa. Mkuu wa bendi, afande Otim, aliiita jazz kelele za baa. Kila Jumamosi alikagua kaseti za vijana wake, na alizozikuta na jazz alizikanyaga kwa buti. Ila alikuwa mtu wa karatasi. Alisoma majina, hakusikiliza. Basi wakarekodi jazz yao wenyewe, bwaloni, na juu yake wakaandika majina ya heshima, kama serenade. Na kumbe huyu anayepuliza hapa, anayevuta pumzi kwa kelele kidogo kabla ya noti ya juu, ni baba. Laker aliijua pumzi ile kuliko alivyoijua sura yake mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Mama Benedicte alisimama pale na koti lake la mvua, mkoba begani, amepanda ngazi zote mbio na umri wake ule.

"Laker, njo nini hii?"

"Mama, lebo ilisema serenade. Ni kosa langu, sikuisikiliza kwanza. Lakini ni baba. Ni baba anapuliza. Iache imalizike, halafu unifukuze ukitaka."

Mama Benedicte aliinamisha kichwa upande, akasikiliza, na uso wake ukakunjamana kwa karaha.

"Hii mashine inakimbia," alisema. "Noti ziko juu nusu sauti. Mimi jazz asubuhi sikubali. Lakini jazz yenye inakimbia sikubali hata mangaribi."

Laker hakujua kama amesamehewa au amehukumiwa. Kabla hajauliza, simu ya mezani ikalia. Akainyanyua, na sauti ya Kulusum ikamwagika yote kwa mpigo.

"Laker! Mzee yako amesema! Wallahi amesema!"

Laker alishika ukingo wa meza. "Amesema nini?"

"Bambi, maskini mzee, amekasirika kabisa! Anagonga meza. Anasema kaseti inaenda mbio sana. Anasema nani ameharibu mashine."

Laker alitaka kucheka, akalia. Miezi minane alikuwa ameota neno hilo la kwanza. Aliota ataitwa jina lake, au ataulizwa habari za mama yake marehemu, au angalau ataambiwa asante. Na neno lenyewe ndilo hili, lawama ya mwanabendi kwa fundi. Hakuna neno ambalo lingemfurahisha zaidi. Alimgeukia mwajiri wake, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni.

"Baba anasema inakwenda mbio."

"Si nilisema?" alijibu Mama Benedicte, na tayari alikuwa ameshachomoa bisibisi kwenye mkoba. Tangu mumewe afariki hakutoka nyumbani bila bisibisi ile. "Iambie watu. Upesi."

Laker alifungua maikrofoni. "Wasikilizaji, samahanini. Mashine yetu ilikuwa inakimbia. Tunarudia mwanzo, na safari hii kwa mwendo wake." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. Mama Benedicte akachomeka bisibisi kwenye tundu la nyuma ya mashine, akazungusha skrubu unywele mmoja, akasikiliza, akarudisha nusu unywele, akaitikia kwa kichwa.

Sasa ilikuwa nyingine kabisa. Ilishuka, ikatua, ikawa na nafasi kati ya noti na noti. Wanawake wale wawili walisikiliza wamesimama. Chini, kwenye duka la rangi, kijana wa Kyebando aliyekuwa akipakia makopo alisimama na kopo mkononi, na msafara wa boda boda uliokuwa ukipiga honi njiani ulionekana kupita mbali, mbali sana, kwenye mji mwingine. Ukungu uliingia ndani, hakuna aliyeufungia dirisha. Tarumbeta ilipanda ngazi zake, ikavuta pumzi, ikafika juu, ikaanza kurudi nyumbani.

Haikufika. Ndani ya kaseti mlango uligongwa, buti zikaingia, mtu akanong'ona kwa hofu, "Afande!" Kisha kitufe kikabonyezwa, ka. Kukawa na mvumo mtupu wa utepe.

Sekunde moja. Mbili. Kwa hiyo hapo ndipo Otim alipoingia, miaka arobaini iliyopita, na wimbo haukumalizwa mpaka leo. Tatu. Laker alinyoosha mkono atafute kitu kingine cha kupiga.

Ndipo ikasikika kwenye simu iliyokuwa bado imelala mezani, maana Kulusum hakuwa amekata. Ilikuwa sauti ya mzee, kavu, inakwaruza, mdomo umefungwa, maana midomo haikuweza tena kupuliza. Alikuwa anavumisha. Nne. Mama Benedicte, aliyebandika sheria zile kwa mkono wake, alipitisha kidole mbele ya Laker na kubonyeza kitufe cha kupeleka simu hewani.

Na Kampala yote iliyokuwa macho ikamsikia mzee Okwir akiichukua tarumbeta pale ilipokatwa. Alipita polepole. Noti moja ilimvunjikia, akairudia mpaka ikakaa. Kisha akashuka noti nne za mwisho, moja baada ya nyingine, akaufikisha wimbo nyumbani.

"Hapo," alisema hewani. "Sasa imeisha."

Mama Benedicte alifuta macho kwa mkono wa koti. Halafu akavuta karatasi ya ratiba, akakata neno serenade kwa mstari mmoja, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya masista: Jazz, robo saa, kila Alhamisi. Okwir, tarumbeta.

"Usizoee," alimwambia Laker, akatoka.

Laker alimalizia kipindi kwa fidla na piano, na hakumbuki alipiga nini. Saa tatu kamili simu yake ikatetemeka mfukoni. Aliusoma ujumbe wa Kulusum amesimama dirishani, akausoma tena, akakaa chini sakafuni ausome mara ya tatu.

"Amekunywa uji. Anasema hauna sukari."