Alichokuja Kusema Fundi

Alhamisi hiyo Fundi alipiga pasi shati lake mwenyewe. Kwa mwanamume mwingine hilo si jambo, lakini huyu alikuwa seremala aliyekwenda hata msibani na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mkewe alisimama mlangoni akamtazama anavyoifuata kola kwa ncha ya pasi, taratibu, kama anayelainisha mguu wa kiti. Roho ikamuuma.

"Unampigia nani pasi hivyo?"

Fundi akainua uso. "Ni... ni kwa..."

"Kwa mshauri, najua. Mimi fungu langu ni lile shati lililotoboka kwapani."

Fundi akageuza shati upande wa pili.

Mtaani mke huyo walimwita Spika, na jina halikumkosea. Yeye ndiye aliyekaa mbele kwenye duka la mapazia, mumewe akiwa nyuma karakanani, na kila mteja wa kitanda au kabati ilibidi apitie kwake kwanza. Fundi alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Neno likimkwama, Spika alikuwa nalo tayari, akalimalizia kabla mtu hajaanza kuona haya. "Mimi ndiye mdomo wake," alizoea kujigamba.

Na hakuna hadithi aliyoipenda kama ile ya posa. Kijana seremala alifika kwao siku moja, akasimama ngazini jasho linamtiririka, akasema, "Ni-nimekuja... nimekuja..." Likakwama. "Kuniposa," Spika akamalizia. "Nimekubali!" Kila alipoisimulia watu walishika mbavu. Fundi naye alicheka, bila sauti, akitazama vidole vyake.

Kwa mshauri walipelekwa na binti yao, mtoto wao wa pekee. Baba yake alimpachika jina la Msumari, kwa urefu na wembamba wake na kwa jinsi alivyong'ang'ania jambo akishalishika. Alikulia karakanani, akachezea randa kabla hajajua kusoma. Alipomaliza shule aliomba kufanya kazi na baba yake, akaambiwa hapana. Akaondoka, akaajiriwa na seremala mwingine upande wa pili wa mji, na simu za nyumbani akawa hazipokei. Kisha siku moja akatuma ujumbe: kama mnanitaka, kuna mshauri wa familia, tukutane kwake.

Spika alimkagua mshauri huyo toka utosini hadi unyayoni, asimwone na lolote. Mwanamke wa makamo, viatu vya chini, sauti ya chini, hereni hana. Chumbani mwake hamkuwa na meza, viti tu, jagi la maji na mto mdogo wa kijani.

"Aliyeshika mto ndiye anayesema," mshauri alieleza siku ya kwanza. "Wengine wanasikiliza mpaka auweke chini. Haya, Baba, unalala vizuri siku hizi?"

"Analala vizuri," akajibu Spika, "ila mgongo tu."

Mshauri akatabasamu, akauweka mto mapajani mwa Fundi, akangoja. Spika aliona dunia imesimama. Mumewe alikwama, akakwamuka, akakwama tena, na yule mwanamke hakumsaidia hata kwa herufi! Ndipo maneno yakaanza kutoka. Fundi aliwaeleza habari za mwalimu aliyekuwa akimsimamisha mbele ya darasa ili wenzake wamcheke. Akasema kwamba mbao alizipendea hilo, kwamba hazimharakishi mtu. Spika alikuwa amekula naye sahani moja miaka nenda rudi na hakuwahi kuyasikia hayo. Leo anapewa mgeni wa viatu vya chini, bure, yote.

Tangu hapo wivu ukahamia nyumbani. Alimnusa mumewe shingoni alipolala, asisikie ila gundi ya mbao, na hilo nalo likamuudhi. Alimwuliza mezani, "Yule mwanamke ana nini?" Fundi akaanza, "Yeye a-ana..." na Spika akamalizia, "Ana sura, siyo? Sema tu!" Fundi akanawa mikono, akarudi kwenye randa yake.

Basi Alhamisi hiyo ya shati la pasi, walipokaa tu Spika aliunyakua mto kabla ya salamu kuisha.

"Mimi naona wivu," akasema. "Nasema wazi, mficha uchi hazai. Wewe mama unapewa maneno mazima, mimi mwenye mume napewa makombo. Umemfanyia nini?"

Mshauri hakukasirika. "Nimemsubiri, Mama."

"Hata mimi namsubiri!"

Msumari akashindwa kuvumilia. "Mama, wewe humsubiri. Unamkata kauli halafu unalalamika kauli ni fupi."

"Mto anao nani?" Spika akafoka. Lakini uso ulikuwa ukimwaka moto. Akamrushia mumewe ule mto. "Haya, chukua! Wape wenyewe hayo maneno."

Fundi aliudaka, akaukumbatia kifuani, akamgeukia binti yake. "Siku ile u-ulipoomba kazi. Nilisema, huyu mtoto ku-kufanya kazi na mimi..."

Spika aliikumbuka vizuri. Fundi alikwama hapo machozi yakimlengalenga, naye akamwonea huruma akammalizia: hakumfai, baba yako hataki. Alidhani Fundi anaihurumia mikono ya mtoto.

"...ndi-ndicho kitu nilichokuwa namwomba Mungu," Fundi akasema. Akavuta pumzi. "Meza yako ya kazi ipo. Ni-niliichonga kwa kimo chako."

Msumari akaangua kilio. Spika hakuweza hata kulia, kwa maana meza hiyo aliijua. Ile ndefu, ya juu mno kwa kila mtu nyumbani, aliyodhani imekosewa vipimo. Alikuwa anawekea majora ya mapazia.

"Kwa nini hukukanusha?" akauliza kwa sauti ndogo, mto hana.

"Ulikuwa u-umeshasema."

Kesho yake Msumari alikuja na begi lake la vifaa. Majora yakashushwa, meza ikafutwa vumbi. Spika akarudi mbele kwenye duka, akakaa, na kupitia ukutani akawasikia. Baba anaanza sentensi, anakwama, msasa unaendelea kusugua, hakuna anayemharakisha, kisha sentensi inafika. Hata vicheko vilisikika. Sasa alimwonea wivu binti yake wa kumzaa, na alijua ni aibu, lakini aibu haizuii wivu.

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua pazia akasema, "Spika, nisimulie tena ile ya posa."

Spika akafungua mdomo. "Alikuja nyumbani, akasimama ngazini..." Akanyamaza. Siku ile Fundi hakuja mikono mitupu, alikuwa amebeba kigoda. Mama yake Spika ndiye aliyekiagiza. Nimekuja, nimekuja... Je, kama alikuja kuleta kigoda tu?

Akamwacha mteja na pazia lake, akaingia nyuma. Msumari alimtazama mama yake, akaweka msasa chini, akasema anaenda kununua gundi, ingawa kopo lilikuwa limejaa.

"Siku ile ngazini," Spika akasema, "ulikuja kusema nini? Sema ukweli, Fundi. Nitangoja."

Fundi akasugua viganja vyake. "Nilikuja..." Likakwama. Maneno kumi yalimjaa Spika mdomoni, akayauma. Mteja akaita kutoka mbele, hakuitika. "Nilikuja ku-kuleta kigoda."

Spika akashika ukingo wa meza ndefu. Maisha yote, basi, alikuwa amejiposa mwenyewe. Alitaka kucheka kabla hajachekwa, alitaka kusema najua, nilikuwa nakutania. Lakini Fundi alikuwa ameinua kidole, hajamaliza.

"Kigoda ki-kilikwisha zamani. Nilikuwa nakichelewesha makusudi. Mama yako a-akigomba, nakuja kusema bado, nakuona, narudi. Nilikuwa natafuta namna ya ku-kulisema lile neno, nilianze bila ku-kukwama." Akafuta jasho kwenye paji la uso. "Ulilisema wewe. Mimi mpaka leo si-sijalisema."

"Basi lis..." Spika akajiziba mdomo kwa kiganja.

Fundi akajifuta vumbi la mbao kwenye nyusi. Akasimama wima, kama aliyesimama ngazini. "Na-nataka," akasema, "nataka ku... ku..."

Spika alilijua neno hilo kuliko alivyolijua jina lake. Akaubana mdomo, machozi yakimtoka, akamwachia mwenyewe.