Mchu wa Kudhaa

Daktari Mahir aliniudhi kwanza kwa tabasamu lake, kisha kwa daftari lake. Ili aruhusiwe kufanya mtihani wa ubingwa wa uzazi, kila mmoja wetu alitakiwa aandike upasuaji hamsini alioufanya kwa mkono wake, na msimamizi atie saini. Mwezi uliopita Mahir alikuwa na thelathini na nane. Wiki moja kabla ya mtihani, akawa ametimiza hamsini. Hao akina mama kumi na wawili waliingia hospitali yetu ya Kismayu kwa mlango gani, nisiwaone?

Nikaanza kumchunga. Mara mbili nilikuwa nimekuta daftari langu limesogezwa. Jumatatu, alipokwenda kuswali adhuhuri, nikalifungua lake, wala sikuona haya.

Ukurasa wa mwisho: "Jina la mgonjwa: Mchu Wakudhaa."

Nilicheka hadi nikajiziba mdomo. Mama yule aliletwa kutoka kisiwa cha Kudhaa hajitambui, na shangazi yake akawa analia tu, "Ni mchu wa Kudhaa, mchu wa Kudhaa!" Jina sikulipata, nikaandika hivyo hivyo daftarini mwangu: mchu, yaani mtu, wa Kudhaa. Mahir, ambaye Kibajuni hakijui hata cha kuombea maji, alidhani ndilo jina lake. Njia ya mwongo ni fupi.

Nikayapeleka madaftari yote mawili kwa Daktari Hamidi, msimamizi wetu, Mbajuni mwenzangu. Mahir akaitwa.

Hamidi alisoma, wala hakucheka. "Mama huyu karudi jana," alisema. "Mkojo wamvuja. Kibofu kilikatwa, na aliyekikata hakuandika. Huyo hafanyi mtihani mpaka baraza limsikilize. Haya, upasuaji huu ni wa nani?"

"Si wangu!" Mahir aliruka. "Wallahi nilinakili kwa Mwanalima huyu. Nilinakili visa vyote kumi na viwili."

Hamidi akanigeukia. "Mwanangu?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini siku ile nilihisi kisu kikiteleza, damu ikiwa nyingi, nikashona upesi na kujiambia si kitu. Siku zote hizo nilimshuku Mahir, na kumbe nilikuwa najikimbia mwenyewe.

"Ni wangu," nikasema. "Nilijua tangu siku ile."

Hamidi akafunga madaftari. "Baraza baadaye. Nenda wodini sasa, ukamwambie mwenyewe. Kwa Kibajuni, akufahamu."