Dakika Mbili za Mzee Muindi

Picha ilifika saa nne asubuhi, chini ya somo la thelathini na saba: mkono wa kulia uliofungwa bendeji kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko, umelazwa juu ya cherehani kama kitu alichokisahau mteja. Chini yake palikuwa na sentensi moja tu. "Nilifuata maneno yenu moja baada ya jingine. Kawsar, Tassia."

Wanza aliisoma akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa Kaloleni walichoazimwa kwa kazi yao. Akaisoma tena akiwa ameketi. Chai ilipoa, na utando ukajikunja juu yake.

Somo hilo lilieleza jinsi ya kubadilisha koili iliyoungua ya shawa ya umeme. Lilikuwa miongoni mwa masomo yaliyopendwa sana kwenye tovuti ya Mikono Yetu, kwa kuwa hakuna nyumba ya kupanga upande ule wa jiji ambayo shawa yake haijawahi kumwachia mtu maji baridi mgongoni. Tovuti yenyewe ilikuwa na miaka mitatu. Wanza na wenzake wanne waliomaliza chuo pamoja waliianzisha kwa kujitolea: mmoja huomba fundi aeleze kazi yake, sauti hurekodiwa, kisha maneno hupunguzwa yawe somo la ukurasa mmoja. Kutia zipu. Kutengeneza pasi. Kupanga vigae. Masomo yalikuwa yamefika mia moja na kumi na mawili, na Jumamosi wageni kutoka vyuo vya ufundi vya Ukambani walitarajiwa ukumbini humo kuamua kama wanafunzi wao wote wangeyatumia.

Aliyepunguza maneno alikuwa Wanza. Kanuni ya ukurasa mmoja aliitunga yeye, na aliipenda kama mtu anavyopenda chumba alichokifagia mwenyewe. Jina lake halikuonekana popote kwenye tovuti. Majina yaliyoandikwa yalikuwa ya mafundi, na hivyo ndivyo alivyotaka. Alikuwa mtu wa kukaa nyuma ya pazia, na alishukuru kwamba pazia lipo.

Somo la thelathini na saba lilikuwa na jina la Mzee Muindi wa Makadara. Kufikia adhuhuri, watu walikuwa wamemvamia kwa maoni chini ya somo.

"Huyu ni fundi ama mchawi?"

"Mwambieni mzee arudi Ukambani akachonge twiga wa mbao. Waya awaachie wenye macho."

Kawsar alikuwa ameongeza maelezo, akiandika polepole kwa mkono wa kushoto. Alizima umeme kama somo lilivyosema. Swichi zote za ploti yao, jengo zima la wapangaji, ziko chini, karibu na ngazi, na yake anaigawana na jirani. Akapanda hadi ghorofa ya nne, akasimama juu ya kiti, akashika nyaya. Wakati huohuo jirani akarudi nyumbani, akakuta kwake giza, akateremka na kuwasha. Kiti kilikwenda huku, Kawsar akaenda kule.

Wanza alifungua kompyuta, akatafuta rekodi ya mwanzo. Ilikuwa na dakika kumi na moja. Alikumbuka kwamba ilimchosha. Mzee Muindi hakuwa mtu wa kuingia kazini kama anayekimbizwa. Kwanza aliuliza kama Wanza ameamka salama, kama wazazi wake huko Mwala wamepata mvua, kama yule ng'ombe aliyewahi kutajwa amezaa. Kisha, kwa sauti ileile ya salamu, akasema:

"Basi, mwanangu, sasa tunaanza. Nthoki ameshateremka na kigoda chake, amekaa pale kwenye swichi na sinia lake la maharagwe, anachambua. Asije mtu akawasha. Mimi sishiki waya kama Nthoki hajakaa."

Kisha mzee akakohoa, na somo likaanza.

Wanza alikuwa ameanzia kwenye kile kikohozi.

Alisikiliza mara tatu. Kila mara alitumaini, kama mtoto anavyotumaini, kwamba maneno yatakuwa mengine. Dakika mbili za mzee alizitupa pamoja na mvua na ng'ombe, akiamini anamsaidia msomaji asipoteze muda. Mafundi wa ploti wanajua kwamba huko kuzima hakutoshi: lazima mtu akae pale, na kazi yoyote ya mkono, mpaka aliye juu apige kelele kwamba amemaliza. Kwa mzee, mkewe Nthoki alikuwa sehemu ya kazi ya shawa. Kwa Wanza, alikuwa mke wa mtu tu, akichambua maharagwe.

Alimpigia simu Mzee Muindi, jambo ambalo lilimchukua robo saa ya kushika simu na kuiweka.

"Wanza, mwanangu," mzee akatangulia kabla hajasalimiwa. "Binti yangu amenisomea yote. Huyo msichana anaendeleaje?"

"Mzee, nilitaka kusema…"

"Labda nilisahau. Miaka arobaini na mmoja ya waya, na bado mtu anaweza kusahau. Nthoki ananiambia nilisema. Lakini Nthoki ni mke wangu, atasema nini kingine?" Akaendelea: "Nimeweka bisibisi kwenye ndoo. Nimesema nipumzike."

Wanza alivuta pumzi aanze tena. Mzee alisikia pumzi zake tu, akadhani analia kwa ajili yake, akamwambia asilie, kisha akakata simu kwa upole.

Kitonga aliingia saa nane, amebeba kitabu cha wageni. Kati yao watano, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wao. Angeweza kuchekesha mkutano wa matanga. Wanza alimwekea rekodi, akamwacha asikilize.

"Aki," Kitonga akasema mwishowe. Akakaa. "Sawa. Skiza. Tunaongeza mstari mmoja: mtu akae kwenye swichi. Kimyakimya. Nani atajua?"

"Watajua mzee alisahau."

"Mzee ana miaka sabini, watamsamehe. Sisi hatutasamehewa. Jumamosi ni kesho kutwa, Wanza. Wale wageni wakikuta tangazo kwamba tunakata mambo yanayozuia watu wasife, watakunywa soda yetu, waseme asante, waende."

"Ni mimi niliyekata."

"Na nani alikutuma ukate? Sisi sote. Ukurasa mmoja, ukurasa mmoja. Ila wewe nawe!" Alijaribu kucheka. "Hata salamu zako mwenyewe unazikata. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri ukiwa umeshageuka."

Alikusudia mzaha. Lakini Wanza aliliona neno hilo likianguka mahali pake, likakaa.

"Ngoja Jumamosi ipite," Kitonga akasihi, sasa bila mzaha. "Siku mbili tu. Baadaye uandike unachotaka, hata na damu yako."

Wanza alisimama. Alichukua kibeti chake, akamwandikia Kawsar kuuliza nyumba ilipo, akaenda mtaa wa Tassia.

Alinunua machungwa njiani, na alipofika ghorofa ya nne akaona jinsi yalivyokuwa upuuzi: mtu mwenye mkono mmoja huyamenya vipi? Alibisha mlango, akavua viatu. Mama mtu, Sagal, alimkaribisha bila kutabasamu, akapokea machungwa kama anayepokea kifurushi cha jirani. Kawsar alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Alikuwa na umri kama wa Wanza. Nyuma yake buibui sita alizokuwa akizishona zilikuwa zimetundikwa, mbili hazina mikono bado.

"Wewe ndiye wa tovuti," Kawsar akasema. "Nilidhani ni ofisi kubwa. Nilidhani watakuja watu wenye tai."

"Ni sisi tu. Pole sana. Mkono…"

"Vidole viwili haviniskii. Daktari anasema vitarudi. Hasemi lini." Alimtazama Wanza bila chuki, jambo lililokuwa gumu zaidi kuvumilia. "Niambie kitu kimoja. Huyo mzee, alisahau? Maana nimewaza usiku na mchana. Mtu anajua umeme hivyo, kila skrubu ameieleza, halafu hilo moja anaacha. Alisahau kweli?"

Ilikuwa kama mlango umefunguliwa mbele yake, mpana, na mwanga upande wa pili. Angeweza kusema neno moja tu, na lisingekuwa hata geni: mzee mwenyewe alishalisema. Jumamosi ingefika salama. Wanza aliangalia soksi zake. Moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na kwa muda mfupi alifikiria tundu lile tu.

"Hakusahau," akasema. "Alisema vizuri kabisa. Mke wake alikuwa amekaa kwenye swichi wakati wote. Niliyeondoa ni mimi. Niliona ni maneno ya salamu."

Sagal, aliyekuwa akielekea jikoni, alisimama.

"Uliona ni nini?"

"Salamu, mama. Nilikuwa natafuta nafasi kwenye ukurasa."

Chini barabarani mtu alikuwa akitangaza mahindi ya kuchemsha kwa kipaza sauti.

"Na umeandika hivyo pale watu wanaposoma?" Sagal akauliza.

"Bado."

"Unangoja nini?"

Wanza akawaambia kuhusu Jumamosi. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikitaja wageni na vyuo, aliona aibu, lakini akamaliza.

"Sasa hivi," Sagal akasema, "kuna mtoto wa mtu amepanda kwenye kiti."

Wanza akatoa simu. Aliandika kwamba Mzee Muindi alieleza kazi yake kikamilifu, akaandika alichokisema kuhusu Nthoki na kigoda, akaandika nani alikiondoa na kwa nini. Mwisho akatia jina lake kamili, Wanza Kyule. Likaonekana hapo, jeusi, kama la mtu mwingine. Kitonga alipiga simu dakika mbili baadaye, akapiga tena. Wanza aliiacha ilie, ikanyamaza.

Alikuwa akitafuta viatu vyake Kawsar alipouliza:

"Ulikata nini kingine?"

"Wapi?"

"Kwenye yale mengine. Mnayo zaidi ya mia."

Wanza aliacha kutafuta viatu. Alijaribu kukumbuka kikohozi kingine, mke mwingine, mvua nyingine. Vyote vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kimoja kisicho na uso.

"Sijui," akasema.

Sagal aliguna, akaingia jikoni. Hakukuwa na mlio wa sufuria wala wa kikombe cha mgeni. Kawsar alijisogeza kwenye mkeka, akaivuta simu yake kwa mkono wa kushoto, akaanza kuteremka kwenye orodha ya masomo, akikosea, akirudi.

"Hili la zipu," akasema. "Zipu nazijua. Keti."

Wanza akaketi. Kawsar alisoma kimya, midomo ikicheza, mpaka kwenye mstari wa nne. Hapo akasita, akarudi juu, akausoma tena.

"Hapa," akasema, akaweka kucha yake juu ya neno. "Aliyekufundisha hili, kabla ya hapa, alikwambia nini?"