Ngozi ya Tezi

Maabarani walimwita Wembe, na jina lilimkaa. Miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa moja: kuchukua tezi ya panya, kuisafisha, kuigandisha kwenye nta na kuikata vipande vyembamba ambavyo pumzi tu ingevipeperusha. Vya wenzake vilikuja na mafuta na ngozi zinaning'inia. Vyake vilikuwa safi, na hakuchoka kuwakumbusha.

Safari hii tezi zilikuwa za utafiti wa Daktari, binti aliyejifunza kazi mikononi mwake na sasa ndiye mkuu wake. Alikuwa amewapasua panya arobaini. Kwa kila panya, tezi ya juu ya figo moja aliitoa kabisa. Ya pili aliitoboa akaikamua, nyama yote inayotengeneza homoni ikatoka, ikabaki ngozi tupu. Panya wakanyweshwa maji ya chumvi ili wasife kwa kukosa homoni hiyo, wakaishi. Wiki tatu baadaye tezi zilikuwa zimejaa tena!

Zilijazwa na nini? Seli iliyotoka kugawanyika ilipaswa kugeuka kahawia kwa dawa ya rangi, lakini tezi thelathini na tisa hazikuonyesha hata doa. Saa sita mchana siku hiyo Daktari angetuma ripoti kwamba chanzo hakikuonekana, na utafiti wake wa miaka minne ungefungwa.

Tezi ya arobaini Wembe aliikata siku aliyosahau miwani juu ya friji nyumbani. Bila miwani alishindwa kubandua ngozi, akaiacha hivyo hivyo, akaona haya na kuificha nyuma ya zote. Asubuhi hiyo aliiweka chini ya hadubini ili tu isisemwe ameiruka.

Chini kidogo ya ngozi, pembeni kabisa, seli za kahawia zilikuwa zimesongamana kuzunguka tezi nzima. Kutoka hapo zilishuka kwa safu kuelekea ndani, rangi ikififia kadiri zilivyokua, ndogo nje, kubwa katikati. Kwenye ngozi tupu kiungo kizima kilikuwa kimejizaa upya, bila kuelekezwa na mtu.

"Mungu wangu," alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

Kisha akang'amua. Ile ngozi ndiyo aliyokuwa akiibandua na kuitupa, pamoja na seli zilizoshikamana nayo, mara thelathini na tisa, kwa madaha. Ilikuwa saa tano na nusu. Angeweza kunyamaza, na jina lake likabaki safi kama vipande vyake.

"Daktari, njoo uone. Halafu unifukuze ukitaka."

Binti aliinama kwenye hadubini. Alisogeza kioo polepole, akaizunguka tezi nzima.

"Hii niliikamua mwenyewe, mzee wangu," alisema. "Haikuwa na kitu."

"Zile nyingine nilizimenya. Uchafu niliotupa ndio huo unaouangalia."

Daktari alifunga kompyuta, ripoti ikiwa haijatumwa.

"Tutaanza upya," alisema. "Panya wengine arobaini. Na kosa hili utaliandika wewe."

Wembe alifungua daftari la maabara. Mbele ya kila namba aliandika: ngozi imebanduliwa na mimi, kwa makosa. Alipofika ya kumi na moja uvumilivu ulimwishia. Aliweka kalamu chini, akamgusa begani Daktari, aliyekuwa ameinama tena kwenye hadubini.

"Sogea kidogo, mwanangu. Na mimi nione tena."