Madoa ya Selotepu Miyuji

Mzee Bartolomayo hakuwa na mke, kwani wa kwake alikuwa na miaka sita kaburini. Hakuwa na baiskeli, hakuwa na redio, wala ndugu wa kumpokea hapa Dodoma. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Kusoma alijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kuzungusha mafaili ofisini. Kazi nayo hakuwa nayo tena, maana serikali ilipopunguza wafanyakazi matarishi walikuwa wa kwanza kuitwa. Hakuwa na mkataba wa maandishi wa chumba na sebule alivyopanga Miyuji, kwa sababu mwenye nyumba, Mzee Faustini wa Mpwapwa, alimkabidhi ufunguo na kumwambia, "Wewe nakujua." Na maisha yake yote hakupata kuwa na picha ya kubandika ukutani.

Ndiyo maana siku aliporudi kutoka kijijini kwao, Kwa Mtoro, alikokaa miezi miwili akimuuguza kaka yake mpaka akamzika, alisimama mlangoni mwa sebule yake akadhani amekosea nyumba.

Kuta tatu zilikuwa na madoa. Yalikuwa ya rangi ya kahawia, yenye mafuta, manne manne kama pembe za mlango mdogo, mengine juu kiasi kwamba aliyebandika alipanda kwenye kiti. Na kiti chenyewe kilikuwa cha Bartolomayo. Nyayo za viatu zilikuwa bado zipo kwenye kitambaa. Sehemu nyingine selotepu ilikuwa imekauka pale pale, imeshika vumbi na nzi. Sakafuni palikuwa na maganda ya karanga.

Zamani za foleni za sabuni nani alikuwa na selotepu ya kuchezea? Kalenda ilitundikwa kwa msumari mmoja, ikashushwa mwaka ukiisha, ukuta ukabaki na tundu dogo lisilomkera mtu. Biashara huria iliporuhusiwa, maduka yakajaa selotepu za kila upana, na watu wakazibandika kila mahali kama wendawazimu.

Alitoka kumtafuta William. Huyu alikuwa mtoto wa Mzee Faustini, aliyeachiwa nyumba aiangalie, na tangu hapo alijiita Meneja. Ua mzima ulikuwa umejaa matangazo yake, yameandikwa kwa kalamu nene nyekundu na kupigiwa mistari mitatu chini: bombani MAJI MWISHO SAA MOJA, chooni FUNGA MLANGO, na kila moja limetiwa sahihi UONGOZI. Alimkuta bombani, katikati ya wenye ndoo.

"Shikamoo mzee. Pole na msiba."

"Marahaba, asante. Nani aliingia sebuleni kwangu?"

"Kwani ufunguo ulimwachia nani?"

"Sikumwachia mtu. Wa pili unao wewe."

"Basi labda ni popo, mzee."

Wenye ndoo wakacheka. William akaona ameshika mpini, akaongeza: "Au ni wewe mwenyewe umesahau. Huko kwenu si mnapaka kuta samadi? Rangi hamjaizoea."

Bartolomayo alijibu maneno mawili kwa Kisandawe, lugha ya kwao, yenye kidoko cha ulimi katikati, ambayo hakuna aliyeyaelewa pale, akarudi ndani.

Ijumaa William alipanda basi la Mpwapwa. Jumatatu alirudi na barua ya baba yake, nayo ilikuwa wazi, haikufungwa.

"Ndugu Bartolomayo," ilisema, "nimesikitika kuambiwa kwamba mtu wa umri wako amegeuza sebule yangu kuwa banda la picha za karate na kuniharibia kuta. Nilikuamini. Mwisho wa mwezi huu uwe umehama. Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa."

Kuhama hakukumuumiza kama ile nakala. Jumapili iliyofuata, mbele ya kanisa, mke wa mwenyekiti alimshika mkono akamuuliza kwa upole, "Mzee wetu, kumbe na wewe unapenda ngumi?" Miaka thelathini ya kubeba siri za ofisi bila kufungua bahasha hata moja, na leo anaulizwa kama anapenda ngumi.

Aliyemweleza yaliyotokea ni Mama Loisi, mpangaji mwenzake, fundi cherehani aliyeshonea barazani.

"William alileta televisheni na mashine ya mikanda ya video, baba. Kila jioni. Watu arobaini, hamsini, wengine wamekaa dirishani. Picha alizobandika ukutani zilikuwa za kuita wateja."

"Na wewe hukusema."

"Nimwambie nani? Mwenye nyumba ni baba yake, na baraza ninayoshonea ni yao. Usinitaje, nakuomba."

Bartolomayo alikasirika, kisha akaangalia nguo za watu ambazo mama huyo alikuwa ameziweka kwenye kamba, akamwelewa.

"Nitausafisha ule ukuta," alisema.

"Ukisafisha watasema umekiri."

"Nisiposafisha watasema mimi mchafu. Bora waseme nami nimekaa pasafi."

Alianza kwa hasira, na hasira haikumsaidia. Sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa na rangi ya mafuta, ya kijani. Hapo alisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, gundi ikalainika na kutoka kama uji, akaosha kwa sabuni, pakang'aa. Akapanda na kitambaa hicho hicho sehemu ya juu, iliyopakwa rangi ya maji. Doa la ukubwa wa sarafu likawa la ukubwa wa sahani.

Mama Loisi alichungulia, akajishika kiuno. "Baba, unaukaanga ukuta? Hiyo rangi inakunywa. Shuka chini."

Alileta pasi yake ya mkaa na karatasi ya kaki aliyokatia vipimo vya nguo. Akaweka karatasi juu ya doa, akapitisha pasi ya uvuguvugu taratibu, akaibandua. Mafuta yalikuwa yamehamia kwenye karatasi. Akageuza upande mkavu, akarudia. Kivuli kilichobaki walikipaka chaki iliyosagwa na kukorogwa kwa maji, wakaiacha ikauke mpaka kesho yake, wakaipangusa kwa brashi. Ile sahani aliyoikaanga Bartolomayo ilichukua siku mbili peke yake, na hakukosa kukumbushwa.

Siku ya tatu walisogeza kabati. Nyuma yake, ambapo kabati lilirudishwa kabla mbanduaji hajafika, karatasi nzima ilikuwa bado imeshikiliwa na selotepu zake nne. Haikuwa picha. Ilikuwa tangazo, kwa kalamu nene nyekundu, mistari mitatu chini:

LEO KARATE MBILI. USITEME MATE SAKAFUNI. UONGOZI.

Mama Loisi aliweka pasi chini ili acheke vizuri. Bartolomayo hakucheka. Aliibandua kwa ncha ya kisu, polepole, pembe baada ya pembe, pamoja na selotepu yake, akaiweka ndani ya Biblia.

Jioni William alikuja kukagua. Alizunguka sebule, akapitisha kidole ukutani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika kama aliyefanya kazi mwenyewe.

"Safi sana, mzee. Basi yaishe. Nitamwambia baba umesharekebisha, hakuna haja ya kuhama."

"Nimerekebisha nini?"

"Si ulipochafua. Mzee wangu, chumba unabaki nacho, nini tena unataka?"

Chumba Bartolomayo alikihitaji; mahali pengine pa kwenda hakupajua. Angekubali, angelala usingizi. Na kila Jumapili angepita mbele ya mke wa mwenyekiti akiwa mzee wa karate aliyesamehewa.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Nina barua ya kuandika."

Aliiandika kwa mwandiko wa madarasa ya jioni, herufi zimesimama wima.

"Mzee Faustini, salamu. Ukuta wako ni safi, njoo uuone. Niliusafisha kwa kuwa ulinipa ukiwa safi, siyo kwa kuwa niliuchafua. Aliyeuchafua ametia sahihi yake, na nimeiambatanisha. Mwandiko wa mwanao unaujua kuliko mimi. Wakati huo nilikuwa namzika kaka yangu. Uliniandikia bila kuniuliza, na hilo limeniuma kuliko madoa. Ukitaka nihame, nitahama. Lakini kabla ya hapo uandike kwamba nilisingiziwa, na nakala uipeleke ulikopeleka ile ya kwanza. Nami nimempelekea mwenyekiti nakala ya barua hii."

Jina la Mama Loisi hakulitaja popote.

Asubuhi alitembea mpaka posta, kwa kuwa makondakta wote wa mabasi ya Mpwapwa, waliozoea kubeba barua, walikuwa marafiki wa William. Karani alipima bahasha mkononi.

"Nene hii. Ya kawaida au rejista?"

"Rejista. Mwenyewe aisainie."

Bartolomayo alikunja tangazo mara moja zaidi ili liingie, selotepu zake zikiwa juu, akalamba ukingo wa bahasha na kuubana kwa ngumi juu ya kaunta mpaka ukashika. Karani akagonga muhuri mara mbili, akaitupa kwenye mfuko wa Mpwapwa.