Mibilinganya na Jua la Saa Saba

Mtoto akisoma, mzazi hutamba, na mama huyu alitamba mpaka majirani wakachoka. Binti yake alikuwa mpimaji wa majani kwenye kituo cha utafiti wa mboga. Usicheke, kazi hiyo ipo, tena ina mshahara.

Mwaka wa ukame binti alirudi nyumbani na mashine yake ya kupimia majani, maana mama alimpigia simu akilia kwamba mibilinganya inakufa. Mbegu mama alizirithi kwa mama yake mzazi, na msimu huo alizipanda zote, hakubakiza hata punje. Ikifa hii, basi tena.

Saa saba mchana, jua la utosi, binti alilibana jani kwenye mashine akasubiri. Namba inayoonyesha jani linapika chakula kiasi gani ikagota karibu na sifuri. Akajaribu jani jingine, mambo yakawa yale yale.

"Imeharibika?" mama aliuliza.

"Nzima. Jani ndilo limegoma kupika. Maji hayatoshi, kwa hiyo limefunga vitundu vyake vya kupumulia lisikauke. Hewa haiingii, na jua linazidi kulipa nguvu lisizoweza kuzitumia. Ndizo zinazoliunguza."

"Kwa hiyo jua limezidi?"

"Limezidi sana. Kwani mashuka uliyokuwa ukifunikia mibilinganya zamani yako wapi?"

Mama alimtazama. "Si ulinikataza wewe?"

Binti akakumbuka, akatamani ardhi ipasuke immeze. Likizo yake ya kwanza ya chuo, na elimu ya miezi mitatu kichwani, aliyang'oa mashuka yale akicheka: jani hupika kwa mwanga, ukiliziba unalinyima chakula. Miaka iliyofuata mvua zilikuwa nyingi, mavuno yakawa mazuri, naye akasifiwa.

"Habari ya ukame nilikuwa sijaijua," alisema. "Nisamehe, mama."

"Mimi nilikuwa naijua." Mama hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Tangu wiki ya pili ya kiangazi niliona majani yanaungua. Nikasema, mwanangu amesoma, labda kuna kitu mimi sikioni."

Binti aliingia ndani, akavua mashuka ya vitanda vyote viwili. Mashina tisa ya mibilinganya yalikuwa bado mabichi, na tisa yanatosha kutoa mbegu. Alifunga shuka la kwanza kwenye vijiti juu yake huku machozi yakimtoka waziwazi.

"Siku nyingine nibishie, mama."

"Nitakubishia. Anza na hilo shuka, umelifunga vibaya."